Siku Tuliyomvua Jina la Mama Yake

Mimi ni muuza vitenge wa Majengo, na majirani zangu wakisikia nimetoka kwenda Magamba au Mpimbwe kwa shughuli za watoto wa watu, huniuliza duka nimemwachia nani. Nawajibu nimemwachia Mungu na binti wa dada yangu, na wote wawili ni waaminifu. Wanacheka, nami nacheka nao. Sijawahi kuwaambia kwamba ziko safari ambazo nikirudi hukaa kwenye kiti changu cha dukani mchana kutwa, wateja wakipapasa nguo na kuondoka, na sina hamu ya kumwita hata mmoja.

Kikundi chetu ni kidogo. Tuna vyumba viwili nyuma ya duka la mbegu karibu na soko, benchi moja refu, na sufuria kubwa ya uji kwa watoto wanaofika na njaa. Wapo wanaotuita watu wa yatima, jina ambalo silipendi, kwa sababu kazi yetu ni kuzuia mtoto asigeuzwe yatima wakati bado ana watu wake. Mzazi akifa, au akitoweka, tunakwenda kukaa na ukoo kabla watoto hawajagawanywa. Hatuendi na gari wala bango. Tunakwenda na mkeka wetu, tunaketi, tunamenya mihogo pamoja na wenye nyumba, na tunasema jambo moja kwa namna nyingi: watoto wasitenganishwe.

Mwenzangu katika kazi hii ni fundi seremala wa Katumba, mtu mzima, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na kumzalia huku huku. Anaongea kidogo mno. Mimi naongea kwa niaba ya wote wawili. Huwa namtania kwamba siku atakapokufa atawaachia wanawe gunia zima la maneno ambayo hayajatumika, naye hujibu kwamba mimi nitakufa nikiwa nimekopa hata ya jirani. Ananiita dada. Yeye ndiye mwenye pikipiki, kwa hiyo safari zetu zote nimeuona zaidi mgongo wake kuliko uso.

Msiba ninaotaka kuusimulia ulikuwa Magamba. Marehemu nilimfahamu. Alikuwa mkulima wa mahindi na karanga, na masika alikuwa akileta uyoga sokoni kwa beseni, kisha anapita dukani kwangu kutazama vitenge ambavyo hakununua. Mara moja tu alinunua, cha kijani chenye majani makubwa ya njano, na tangu siku hiyo sikumwona mjini bila nguo ile. Alianza na homa, homa ikawa kubwa, na kabla mvua hazijakatika tulikuwa tumeshamzika.

Aliacha watoto watatu. Mkubwa alikuwa binti wa darasa la sita, mrefu kuliko umri wake, bingwa wa mchezo wa rede mtaani kwao. Wenzake walimrushia mpira wa matambara kutoka pande zote mbili na hawakumpata. Wa pili alikuwa mvulana wa darasa la pili. Kitindamimba alikuwa msichana mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Baba yao alikuwa amekwenda machimboni kitindamimba akiwa bado tumboni. Tulisikia yuko Chunya, kisha tukasikia yuko Geita, kisha hatukusikia kitu. Nyumbani alibaki bibi yao, mzaa mama, mwanamke mkavu, mwenye macho makali na magoti yanayomsumbua.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulifika kutoka Kasansa, huko Mpimbwe, wamepanda fuso la mpunga. Wajomba wa watoto wakakaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, sisi wawili na mkeka wetu katikati. Mgawanyo walikuja nao tayari. Binti aende kwa mke wa mjomba mkubwa, amsaidie kazi. Mvulana aende kwa mjomba wa pili, kwenye ng'ombe. Mdogo apelekwe kituoni, kwa masista, maana nani atamlea mtoto wa kunyonya. Si watu wabaya. Kila mmoja alikuwa anabeba kiasi alichoweza, na mtu mwenye wanawe tisa huwezi kumwambia hana huruma.

Nilisema nilivyojua kusema. Mwenzangu naye akatoa neno lake moja, kwamba yeye alikulia mbali na kaka yake na mpaka leo wakikutana wanakosa cha kuzungumza. Wajomba wakatikisa vichwa kwa heshima, na nikaona kabisa kwamba tumeshindwa.

Hapo ndipo bibi alipoinuka.

Ukoo ule una mila, kama koo nyingi za huku, ya kurithisha jina la marehemu. Mtu akifa, siku ya kumaliza matanga wanatafuta wa damu yake, kwa kawaida ndugu mtu mzima, wanamkalisha kwenye mkeka, wanampaka unga viganjani na kumfunga nguo ya marehemu begani. Tangu hapo yeye ndiye marehemu. Waliomwita marehemu mama watamwita yeye mama, waliomwita dada watamwita dada, na neno lake nyumbani ni neno la aliyeondoka. Marehemu huyu hakuwa na dada wa tumbo moja. Wajomba walidhani jina litasubiri. Bibi akaingia ndani, akatoka na kile kitenge cha kijani, akamshika mkono mjukuu wake mkubwa, akamkalisha kwenye mkeka na kumfunga.

Kisha bibi mwenyewe, na magoti yake yale, akainama mbele ya mtoto wa darasa la sita na kumwita mwanangu. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Wajomba wakapita mmoja mmoja kumsalimu, wakamwita dada. Mdogo wake akasukumwa mbele, akasema shikamoo mama, akacheka kwa aibu, akakanywa. Kitindamimba akawekwa mapajani mwake. Bibi akamgeukia na kumuuliza, mbele ya ukoo wote, kama watoto waende au wakae.

"Watoto wangu hawaendi popote," akasema yule binti.

Na hawakwenda. Neno lilikuwa la mama yao, na neno la mama wa watoto haliwezi kupuuzwa na mjomba. Bibi alitumia mila kama mtu anavyotumia komeo, akafunga mlango, na sisi tukapata kile ambacho kelele zangu zote zisingekipata. Njiani kurudi mjini mwenzangu, yule asiyesema, aliimba pambio la kanisani kwao mpaka tukafika Majengo, nami Mwislamu wa watu nikawa naitikia nyuma.

Kitu kimoja tu nilikisikia siku ile na sikukipa uzito. Mama mmoja mzee wa Kasansa, wakati anamkazia fundo la nguo, alimwambia yule binti kwa sauti ya chini kwamba tangu sasa asimlilie tena marehemu. Aliyerithi jina akimlilia marehemu anajililia mwenyewe, na kujililia ni uchuro, ni kuita kifo kirudi mlangoni. Binti akaitikia. Sote tulikuwa tunamtazama kitindamimba.

Nadhani kila mtu mzima aliyekuwepo alilichukulia jina lile kama jina. Bibi yupo, atapika, atafua, atalea, na sisi tutakuja kila mara; mtoto ataitwa mama kwa heshima, basi, ataendelea kuwa mtoto. Kumbe hakuna aliyemwambia hivyo. Mtu mzima akirithi jina anajua wapi pa kulivaa na wapi pa kulitundika. Yule alikuwa mtoto, na mtoto ukimwambia wewe sasa ni mama, anakuwa mama.

Nilianza kuliona jambo hilo uwanjani. Nilifika jioni moja, wasichana wanacheza rede, yeye amekaa pembeni kamshika kitindamimba. Nikamwuliza mbona hachezi. Akanijibu kwa upole, kama anamwelewesha mtu asiyejua mambo, kwamba wamemkatalia. Wenzake wale wale walikuwa wamekubaliana kwamba mama wa mtu harushiwi mpira.

Kisha mvulana akaambiwa shuleni alete mzazi kwenye kikao cha wazazi. Walipofika akina mama na vitenge vyao na akina baba na kofia zao, dada yake naye akafika, kajifunga kile cha kijani, akakaa kwenye benchi la mbele. Mwalimu akamwuliza mvulana mzazi wake yuko wapi, akamwonyesha. Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka. Yeye hakucheka. Akauliza kwa nini mwanawe amerudi nyuma kwenye hesabu. Aliyenisimulia alikuwa bado anacheka aliponifikia dukani, nikamwambia anunue kitu au aondoke.

Lakini yeye mwenyewe alikuwa anasinzia darasani. Mapumziko alikuwa anakimbia nyumbani kuangalia kama mdogo kalishwa, anarudi kengele imeshalia. Bibi hakumtuma. Kila kazi bibi aliyoishika aliikuta imeshafanywa. Siku moja jamaa mmoja wa upande wa baba yao alipita, akamsalimu kwa utani kwa kumwita shemeji, nikamwambia utani huo akautafutie watu wazima wenzake, na nikabaki hapo mlangoni mpaka alipopotea njiani.

Alipomaliza darasa la saba alifaulu. Akapangiwa sekondari ya mbali, ya kulala huko huko. Tukakimbia kumpelekea habari, mimi na fundi wangu, tumebeba na sukari ya kusherehekea. Alikuwa anapepeta karanga. Hakusimama.

"Shangazi, nashukuru," akaniambia. "Lakini mtu mwenye watoto wadogo anakwendaje bweni?"

Niliiweka sukari chini. Fundi akanitazama kama mtu anayengoja mvua.

Tulikwenda Kasansa mara nyingi msimu ule. Tulikaa na wajomba barazani, tukala wali wao mpya, tukaambiwa ukweli wao bila kufichwa. Jina linaweza kuhamishwa, walisema, limewahi kuhamishwa. Lakini watoto hulifuata jina. Akilichukua mtu wa Kasansa, watoto watakuja Kasansa. Tukawa tumebanwa. Tuliyoyapigania siku ya matanga yalikuwa yamekaa juu ya mgongo wa mtoto mmoja, na tukimtua mgongo, yanaanguka.

Aliyetufungulia njia alikuwa binti wa dada yake bibi, mwanamke aliyekuwa anauza samaki wakavu huko huko Mpimbwe. Kwa watoto ni mama mdogo. Aliwahi kuolewa, ndoa ikaisha, alikuwa amezika mtoto wake wa pekee, na hakuwa na kitu cha kumshika pale. Alisema kwamba kama ni jina atalichukua, na yeye ndiye atakayehama, si watoto. Atakuja kuishi Magamba. Wajomba wakatazamana, wakasema haijawahi kutokea, kisha wakasema haijakatazwa.

Nilidhani bibi ataruka kwa furaha. Bibi alikataa. Alikataa kwa maneno, kisha kwa kunyamaza, kisha kwa kukosekana nyumbani kila tulipokwenda. Nikachoka, nikamfuata shambani, nikamkuta anapalilia amekaa chini kwa sababu ya magoti. Nikaanza hotuba yangu ya masomo ya mtoto wa kike. Akaniacha niimalize.

"Mwanangu," akasema, "nyie mnataka nimzike mara ya pili."

Nilikaa chini kwenye matuta, na kitenge changu kizuri. Nilikuwa sijafikiria hata siku moja kwamba kila asubuhi mama yule anapomwita mjukuu wake mwanangu, anaitikiwa. Mimi nilikuwa nimehesabu nani analea nani, nani anakula wapi, nani analala na nani, kazi yetu ndiyo hiyo. Nilikuwa sijui kwamba marehemu yumo nyumbani mle, anachota maji na kupepeta karanga, na mama yake anaishi naye. Nililia pale shambani. Bibi hakulia, akaendelea kung'oa majani.

Kilichombadilisha hakikutoka kwetu. Alituambia mwenyewe, baadaye, kwa shida. Alikuwa ametoka chooni mchana, mvulana yuko shule, akasikia kitu kinagonga ukuta nyuma ya nyumba. Akachungulia. Mjukuu wake alikuwa peke yake na mpira wa matambara, anaurusha ukutani kwa nguvu zote, na ukirudi anaukwepa. Anainama, anaruka, anageuka, nguo ya kijani imefungwa kiunoni isimzuie. Alicheza hivyo muda mrefu, bila sauti. Alipomaliza aliuficha mpira chini ya paa, akaifungua nguo kiunoni, akaifunga begani, akaenda kumwamsha mtoto.

Bibi akatutumia salamu tufike.

Ukoo ulirudi kwa fuso lile lile, kiangazi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulipika wali na samaki wa migebuka. Mwanamke wa Kasansa alikuja na masanduku yake yote kuonyesha kwamba haji kutembea. Wakawakalisha wawili kwenye mkeka mmoja, binti na mama yake mdogo. Mama mzee yule yule aliyemkazia fundo akamfungua nguo begani. Ilikuwa imepauka, majani ya njano yamebaki kama kivuli. Hata mimi niliyeiuza nisingeitambua. Wakamwosha binti viganja kwa maji, wakampaka mwenzake unga, nguo ikahamia bega jingine. Watu wakapita kusalimu. Wajomba wakasema dada kwa mtu mwingine, na kwa binti wakasema mjomba, hujambo, kama watu waliomkuta leo.

Bibi alitakiwa awe wa kwanza, akawa wa mwisho. Alimsalimu mwenye jina, akamwita mwanangu. Kisha akamgeukia binti ili amwite mjukuu, mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Akampapasa kichwa, akaenda jikoni.

Kitindamimba, ambaye sasa alikuwa anakimbia na kusema, alikuwa na kiu. Akapita katikati ya watu wazima wote, moja kwa moja hadi kwenye mapaja aliyoyazoea.

"Mama, maji."

Binti alimtazama. Akamshika mabega, taratibu, akamgeuza.

"Mimi dada," akamwambia. "Mama yule pale."

Mtoto alikataa kugeuka. Alilia sana, akabebwa na mama yake mpya, akampiga piga kifuani, na yule mwanamke akavumilia, akambembeleza mpaka akanyamaza. Watu wakasema ndiyo watoto, atazoea. Na kweli alizoea; wenye kutuuliza kama kazi yetu ile ilifanikiwa tunawajibu ndiyo. Watoto wote watatu wako nyumba moja, na yule mkubwa siku za likizo anarudi kutoka bweni na sanduku lake kichwani. Nasema ndiyo, na ni kweli.

Chakula kiliandaliwa, watu wakala. Fundi alikuwa ameshatoka kuiwasha pikipiki, kwa sababu njia ni ndefu. Mimi nilikuwa jikoni na bibi, namsaidia kuosha sufuria. Binti akaja akasimama mlangoni. Bega lake lilikuwa tupu na alikuwa hajui mkono uende wapi. Kwa muda wote ule, tangu siku tulipomzika mama yake, sikuwahi kuona chozi lake, na mara nyingi nilikuwa nimemsifu kwa watu kwamba ni jasiri.

"Bibi," akasema, "sasa naruhusiwa kumlilia mama?"

Bibi aliiacha sufuria. Safari hii neno lilitoka.

"Mlilie, mjukuu wangu. Mama yako amekufa."

Akaketi pale pale kizingitini, na sauti iliyomtoka ikawasimamisha watu na mizigo mikononi. Bibi naye akaanza. Wajomba walivua kofia. Nje nikasikia pikipiki inazimwa. Wanawake wa Kasansa, waliokuwa wamekwisha kukunja mikeka ili wapande fuso, wakarudi nayo mmoja mmoja, wakaitandika upya uani, na sote tukakaa matanga.